Mwandiko Wangu Kwenye Daftari la Jumuiya

Mama,

Shikamoo. Jana tumemzika kaka yake Mwenyekiti bila padre, na kaburi lako kule Maposeni bado halijabarikiwa. Yote mawili nimeyafanya mimi. Nimekaa nyuma ya kaunta ya duka nikuandikie kabla sijaanza kujidanganya kwamba mambo yalikwenda vizuri.

Uliondoka hujui tulivyokuzika. Ulikata roho Alhamisi asubuhi, na mchana Mwenyekiti wa jumuiya akaingia na kamati yake. Nikajua wamekuja kupanga mazishi. Akaniagiza nilete daftari la mahudhurio ya sala za Jumamosi, na mimi, katibu mwaminifu, nikaenda kulitoa kabatini mwili wako ungali chumbani. Akalisoma mbele ya watu, Jumamosi hadi Jumamosi: hayupo, hayupo, hayupo. Kila hayupo mwandiko wangu, kwa kalamu nyekundu, mstari nimeupiga kwa rula. Akasema taratibu ni taratibu, asiyesali na jumuiya jumuiya haimziki, kwa hiyo hakuna barua ya kwenda parokiani. Bila barua hakuna padre wala kwaya. Nami nikalipokea daftari nikalirudisha kabatini, Mama. Mdomo wote huu, unaonijua nao mtaa mzima wa Lizaboni, siku ile sijui uliingia wapi.

Mjomba ndiye aliyekuombea, bila miwani, akiruka mistari. Kaburi walichimba wakwe wa jirani yetu Bibi Zuhura, Waislamu watupu, na walikataa hata chai kwa sababu waliona sisi ndio wenye njaa. Wanajumuiya walikuja wachache, wakasimama mbali kwenye mahindi, kama watu wanaongoja basi lililochelewa.

Na wote walijua ulikuwa wapi hizo Jumamosi! Ulikuwa nyumba ya tatu, kwa Bibi Zuhura, kiharusi kimemlaza, mwanaye ameondoka alfajiri kuwahi mnadani. Wewe unamwogesha, unamgeuza, unambadilisha shuka, unamnywesha uji wa ulezi kijiko kwa kijiko. Nilikwambia, Mama, sali kwanza halafu uende. Ukanijibu mtu aliyelala kwenye mkojo hawezi kungoja Salamu Maria hamsini. Nikakasirika. Nikakwambia basi nitakuandika. Ukacheka, ukasema, "Andika mwanangu, kwani uongo? Si kweli sikuwepo?"

Nikaandika. Nilijiona mtu wa haki, eti sipendelei hata mama yangu mzazi. Mjinga kabisa.

Sasa huyu Mwenyekiti. Wewe ulikuwa unanikataza kumsema, lakini sasa huwezi kunikataza. Gari lake lina rozari kwenye kioo, rozari nyingine kwenye gia, na nyuma ameandika kwa herufi nyekundu kwamba limenunuliwa kwa damu ya Yesu. Simu yake ikiita inaimba kwaya, na haipokei upesi, anaacha watu wasikie beti mbili. Ofisini hafungui kikao bila sala, sala ya dakika ishirini, huku wazee waliotoka vijijini na bahasha zao wamejipanga koridoni. Akimaliza kusali anawaambia waje kesho. Ukimsalimia "Tumsifu Yesu Kristo" anaitikia "Milele amina" kwa sauti ya mtu anayehutubia uwanja wa mpira. Mshahara wa serikali umemleta Songea, na amekuja kutufundisha Ukristo sisi tuliobatizwa hapa babu na bibi. Mxiu!

Kaka yake alikuja kwake mwaka juzi, figo zimekufa. Hakuwahi kuonekana jumuiyani. Jumanne akafariki. Jumanne hiyo hiyo alasiri Mwenyekiti akaingia dukani kwangu, peke yake, bila kwaya ya simu, akanunua sabuni asiyoihitaji. Halafu akaniomba "nirekebishe" daftari. Niandike yupo, yupo, yupo, mwaka mzima, nitie sahihi, ili barua iende parokiani na kaka yake azikwe kwa heshima. Tangu msiba wako watu wananong'ona, angepitisha kimyakimya wangeuliza.

Nilimcheka usoni. Nilifurahi, nisikufiche. Nikamwambia taratibu ni taratibu.

Ndipo akanitega. Akasema nikimwandikia kaka yake, na wewe atakuandikia. Barua ya kwako, sahihi yake, na ndani ya wiki mbili Padre atakwenda Maposeni kubariki kaburi na kwaya nzima nyuma yake.

Mama, kicheko kiliniisha. Hicho ndicho kitu pekee ninachokitaka duniani. Nimekwenda ofisi ya parokia mara tatu nikarudishwa, lete barua ya jumuiya. Nikiona kwaya inamsindikiza marehemu yeyote barabarani nafunga duka. Na hapa mtu ananiletea, kwa kalamu tu. Hata nikalitoa daftari. Nikalifungua, nikachukua kalamu ya bluu inayofanana na ile niliyoandikia waliokuwepo mwaka jana, yeye amesimama palepale ananihesabia Jumamosi kwa kidole.

Nikafika Jumamosi moja ya Kwaresima. Siku hiyo tulisalia kwa Mwenyekiti, sebuleni kwake, zamu yake ya kutupokea. Nikaikumbuka vizuri. Tulisali rozari nzima, tukaimba, tukanywa chai na maandazi, na nyuma ya pazia mtu anakohoa. Anakohoa kikohozi kile cha mtu anayeomba maji bila kutaka kusumbua. Hakuna aliyeinuka. Na mimi, nikiwa na andazi mkono wa kushoto, kwa mkono wa kulia nikaandika jina la huyo kaka yake, nikaandika hayupo. Mtu yuko hatua nne kutoka nilipokaa!

Nikarudisha daftari kwenye droo. Nikamwambia toka dukani kwangu. Hakutoka haraka, alisema nitajuta, na tayari nimejuta mara kadhaa tangu Jumanne.

Jana msibani kulijaa wakubwa wa ofisini kwake, wamevaa suti, wamekaa viti vya mbele. Wamama wa jumuiya wamekaa mkekani wanasubiri daftari, wengine niliona kabisa wanasubiri kwa hamu, wamenoa meno wakulipizie. Nikasimama. Nikasema marehemu daftari linamwandika hayupo mwaka mzima, na mama yangu vilevile, na mwandishi ni mimi. Huyu alikuwa nyuma ya pazia tukimsikia. Mama alikuwa anaosha mgonjwa. Waliokuwepo tulikuwa sisi, na hatukufanya lolote. Nikaliweka daftari mkekani, nikawaambia anayetaka ukatibu aokote, mimi naingia jikoni.

Nilitaka kusema kwa upole kama ambavyo ungesema wewe. Haikutoka hivyo. Ilitoka na kiburi, na nilimtazama Mwenyekiti muda wote, nikaona jasho linamtoka, nikaonja utamu. Nakuambia ukweli, sijawa mtu mzuri.

Nikaingia jikoni kwake nikaanza kuchambua mchele. Mke wake alinisogezea kigoda bila kunitazama. Baada ya muda akaja mama mmoja, wakaja watatu, wakajaa. Padre hakuja, barua haikuwepo. Lakini makaburini wamama waliimba wenyewe, ufunguo umekosewa, juu sana, wote wanakwama kwenye kiitikio, na hawakuacha mpaka udongo ukaisha. Wakubwa wa suti waliondoka kabla ya chakula. Mwenyekiti alibaki na koleo mkononi, viatu vimejaa matope, na kwa mara ya kwanza nilimsikia analia bila kipaza sauti. Nikamhurumia kidogo. Kidogo sana, usinisifu.

Kwa hiyo barua yako haipo, Mama. Nimeikataa mimi mwenyewe. Ulizikwa bila padre kwa mwandiko wangu, na umebaki bila padre kwa kukataa kwangu, na hilo nitalibeba. Nitaendelea kwenda parokiani mpaka Padre mwenyewe anisikilize, barua iwepo isiwepo.

Kuna jingine, hili ndilo lililonifanya nikuandikie. Tangu ufe, hakuna aliyekwenda kwa Bibi Zuhura. Hata mimi. Miezi yote hii nimekulilia nyumba ya tatu kutoka kwake. Mwanaye ameacha kwenda mnadani, biashara imekufa, na juzi aliniambia mama yake ametoka vidonda mgongoni.

Nimeahidi kesho, Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi. Mwanaye ataondoka, nitabaki naye mwenyewe. Nimenunua sabuni na shuka mbili. Lakini Mama, wewe ulikuwa unamgeuza halii. Wanasema ulikuwa na namna yako ya kumshika. Sijui ni chini ya bega au kiunoni, na sina wa kumuuliza, maana sikuja hata siku moja kukutazama.

Lala salama, Mama. Kesho nitamuumiza. Keshokutwa nitarudi tena mpaka nijue.

Binti yako