Mama Mkwe Amefunga Mbegu Akisubiri Nyota Zizimike

Mpendwa Mama Claudia, shikamoo. Naomba msaada wako, nakuandikia kutoka Keza, na nianze kwa kukiri kwamba kosa ni langu. Binti yangu yuko kidato cha nne, alikuwa anasoma daftari lake la fizikia kwa sauti kwamba nyota zote zitazimika na ulimwengu wote utapoa, hakutabaki joto la kufanya kazi yoyote, mama mkwe wangu, Bibi Nizigiyimana, aliyekimbia Burundi mara mbili, akaniuliza ni lini, nami kwa kuwa asubuhi ile alikuwa amenisema mbele ya majirani kuhusu ugali wangu nikamjibu, "Karibuni tu, Mama, funga mizigo."

Kumbe mama wa watu aliamini. Akafunga mbegu zote za maharage kwenye kitenge, kilo ishirini, maana anasema mara zote mbili waliobeba mbegu ndio waliopona, sasa anaukalia ule mzigo na hakuna wa kuugusa, mvua ina wiki ya pili, majirani wamemaliza kupanda, mume wangu Novatus anasema hawezi kubishana na mama yake, na mimi sikubali wanangu walale njaa kwa ajili ya nyota. Jumapili akienda kanisani nataka nizichukue. Je, nitakuwa nimeiba?

Joyceline

Marahaba, Joyceline. Ndiyo, utakuwa umeiba. Hebu niambie, mtu aliyekimbia mara mbili unamtania afunge mizigo? Kwa sababu ya ugali? Umenikera. Lakini uchungu wako nauelewa, msimu hausubiri mtu.

Kesho asubuhi piga magoti useme, "Mama, nilikudanganya kwa hasira." Usizunguke. Novatus naye awepo, aache kujificha. Kisha mweleze kuwa wataalamu wanakadiria miaka ambayo ukiiandika unaanza na moja, halafu sifuri kama mia hivi. Na mwambie kwamba baridi hiyo haitakuwa na mpaka wa kuvuka. Joto litakuwa limesambaa sawasawa kila mahali, kama chai iliyosahauliwa mezani, kwa hiyo hakuna pa kukimbilia na mzigo. Hilo atalielewa kuliko wewe.

Mwachie kilo mbili zikae kwenye kitenge, wala usimcheke. Hofu yake ina sababu.

Akikataa kutoa zilizobaki, omba mbegu kidogo kwa jirani, na Jumamosi anza kupanda palepale mbele ya mlango wake. Mtu aliyelima maisha yake yote hawezi kukaa anamtazama mkamwana akipanda vibaya. Atatoka.