Kigelegele Mbele ya Jiwe la Warumi

Houston, Julai 2018

Mdogo wangu Zuhura,

Hujambo wewe na wanao? Mimi mzima, mwanangu Salim ananilisha hadi nguo zinanibana. Joto la huku ni la Tanga kabisa, ila hakuna anayetembea kwa miguu.

Jana Salim alinipeleka jumba la makumbusho. Geuza kadi uone picha: jiwe walilochonga Warumi wa kale. Nikaona matarumbeta, ng'ombe waliovishwa mashada, wanaume wamebeba masinia mabegani. Nikasema hii harusi, wanapeleka vitu kwa bibi harusi! Si unanijua? Nikapiga kigelegele, ukumbi mzima ukageuka. Salim alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mlinzi akaja mbio, mwanamke wa makamo. Kumbe Mkongo! "Mama, hii si harusi. Ni basoda banatoka vita. Bale ba nyuma ni mateka."

Basoda, yaani askari! Nikanywea. Kweli, nyuma kabisa palikuwa na mwanamke kafungwa mikono, mtoto kamshika nguo. Mchongaji kawatia nyuso nzuri kuliko uso wa mfalme mwenyewe aliyetangulia mbele. Nikamwomba radhi mlinzi. Akamwonyesha yule mtoto kwa kidole, akasema naye alikimbia vita kwao hivyo hivyo, kashika nguo ya mama yake.

Kisha akaangalia kulia na kushoto, mkubwa wake hayupo. "Piga tena, Mama. Sasa ya bale bawili."

Tukawapigia pamoja yule mama na mwanawe, Zuhura, hadi machozi. Nisalimie nyumba nzima. Na ukishasoma, toka uani uwapigie na wewe.

Dada yako,
Rehema