Kwa Nusu Inchi, Aliyeshona Magauni Uzeeni

Mwaka umetimia, Mzee, tangu uinuke kwenye cherehani mchana kweupe, ukasema unakwenda kunyoosha mgongo dakika tano, na hukuamka tena. Familia imekaa ikakubaliana kwamba kumbukumbu hii ya gazetini aiandike mkeo. Unamjua mkeo akishika kalamu. Atakayechoka kusoma apumzike, kisha aendelee.

Mtaani walikuita Nusu Inchi, kwa sababu kila uliyempima ulimwambia, "Nimekuachia nusu inchi, ukinenepa usiende kwa mwingine." Miaka arobaini ulishona suti za wanaume katika chumba chetu cha mbele. Wanawake uliwaambia waziwazi: "Gauni silishoni. Gauni halina mantiki." Mfukoni mwa shati hukukosa kipande cha chaki hata siku za mapumziko, na mkeo ameifua chaki hiyo miaka yote bila kuambiwa pole. Ulikuwa mpole. Mtoto wa jirani akilia nje, ulisimamisha mashine kwanza, ukamwuliza kulikoni, ndipo ukaendelea.

Macho yalipoanza kukusaliti, ukamkabidhi mashine binti yetu wa mwisho. Wasiomjua wajue kwamba utotoni aliugua koo mara kwa mara, na ugonjwa ukashukia kwenye moyo, valvu moja ikabana. Wenzake wakikimbia, yeye anaambiwa kaa. Wakiruka kamba, kaa. Ni wewe uliyemvutia kigoda karibu na cherehani ukamfundisha kushona, na ikawa ndiyo kazi pekee ambayo hakuna aliyeweza kumwambia kaa, maana alikuwa amekaa tayari. Akawa fundi wa magauni anayefuatwa na wanawake wa mitaa mitatu. Wewe ukabaki mlangoni ukijifanya huoni.

Aliposhika mimba, furaha na hofu viliingia nyumbani siku moja. Alikuwa anakwenda kwa daktari wa moyo kila baada ya wiki mbili. Mwezi wa tano, miguu imevimba, analala ameegemea mito mitatu, daktari akamwambia neno, na yeye akaja kutuambia jingine.

"Amesema nipunguze kazi kidogo," alisema huku anavua viatu.

Tukamwamini. Mumewe, fundi umeme, akamfungia feni mpya. Mkeo akamkorogea uji. Watu wazima na akili zetu!

Wewe ulihamisha kiti chako ukakiweka nje, chini ya dirisha la chumba cha mbele, ukakaa hapo siku mbili. Tulidhani unaota jua, kumbe unasikiliza. Siku ya tatu ukamwita mkeo.

"Hebu sikiliza hiyo mashine. Anashona shubiri moja, kimya. Shubiri moja, kimya. Huyu alikuwa anamaliza upindo mzima bila kusimama."

"Labda anafikiria mshono," mkeo akakujibu.

"Hafikirii mshono, mama. Anatafuta pumzi."

Ukaingia ndani, mkeo nyuma yako. Tukamkuta ameinamia kitambaa cheupe cha mwalimu mmoja, bibi harusi mtarajiwa, mkono mmoja kifuani. Hukumpigia kelele. Uliinama, ukauchomoa mkanda wa cherehani kwenye gurudumu, ukautia mfukoni mwa suruali.

"Baba, rudisha mkanda."

"Daktari alisema nini?"

"Si nilishawaambia?"

"Hayo nimeyasikia. Sasa niambie aliyosema yeye."

Alikutazama kwa hasira, kisha uso ukamvunjika. "Amesema niache. Leo leo, si wiki ijayo. Nilale, nisifanye chochote, la sivyo moyo hautafika mwezi wa tisa. Amesema tunaweza kwenda wote wawili, mimi na mtoto."

Mkeo akakaa juu ya furushi la vitambaa vya watu.

"Na wewe ukaona ushone," ukamwambia taratibu.

"Baba, maisha yangu yote nimeambiwa nikae pembeni! Hapa ndipo mahali pekee ambapo mimi si mgonjwa. Nikiacha hapa, nakuwa yule mtoto wa kuonewa huruma tena. Halafu harusi ni mwezi ujao. Nani atamshonea yule mwalimu? Wewe?"

Alikuwa anakusuta tu, hakutaka jibu. Wewe ukajibu.

"Mimi."

Mzee, mkeo alicheka. Machozi yanamtiririka mashavuni na kicheko kinamtoka, na leo anakuomba radhi hadharani.

Kesho yake ukamwambia mkwe wako alete kitanda chumba cha mbele, akiegemeze ukutani. Daktari alipoulizwa alisema sawa, mradi alale kweli, asinyanyue hata pasi. Mdomo autumie apendavyo. Basi akautumia! Siku ya kwanza alikufumulisha bega moja mara nne. "Hilo si koti, Baba, mwanamke ana kiuno." "Baba, umekata mwili wa askari huo." Nawe unafumua, unafuta jasho, unasema, "Sawa, Bosi." Uzi kwenye sindano hukuuona, kwa hiyo kila asubuhi alikutungia sindano kumi na mbili akiwa kitandani na kuzichomeka kwenye kitambaa. Hiyo ndiyo kazi pekee uliyomruhusu, na alipoiomba ya pili ulijifanya kiziwi.

Hakuna siku uliyomwambia kaa. Ulimwuliza tu, "Bosi, nifanyeje hapa?" Na yeye aliyekuwa analia usiku kwamba amekuwa mzigo, akawa anaamka na michoro kichwani, uso umenawiri kuliko wetu sote. Uvimbe wa miguu ukaanza kupungua. Ile mito mitatu ikawa miwili.

Na ule mkasa wa gauni la mwalimu tusiuache. Siku ya kujaribisha, bibi harusi akaingiza mkono kifuani kurekebisha kola, mkono ukazama. Ulikuwa umemwekea mfuko wa ndani, upande wa kushoto, wenye bitana na kifungo, kama wa suti. Miaka arobaini, mikono ilijiendea yenyewe. Binti akajifunika shuka usoni kwa aibu. Wewe ukakohoa, ukasema kwa heshima zako zote, "Nimekuwekea pa leso, mwalimu. Bibi harusi analia, halafu anakosa leso." Mwalimu alicheka hadi akashikilia meza, akakataa mfuko kutolewa. Baada ya harusi ile wanawake wakaanza kuja kuulizia gauni la mfuko, nawe ukawa unajibu kwamba huo ni mtindo wako wa siku nyingi. Mwongo mkubwa wewe.

Mwezi wa nane pumzi zilimbana ghafla asubuhi, akakimbizwa hospitali, mtoto akatolewa kwa upasuaji. Tulikaa kwenye benchi la korido, mkwe wako anatembea huku na huko, wewe umetulia tuli. Daktari alipotoka alituambia mama yuko hai, mtoto wa kike yuko hai, ila mdogo sana. Akaongeza kwamba mama huyu asingelala ile miezi mitatu, yeye daktari asingekuwa na habari hiyo ya kutupa. Ukaitikia kwa kichwa, ukaenda hadi mwisho wa korido, ukageukia ukuta. Mabega yakawa yanatikisika. Tulikuacha.

Daktari alitaka apumzike miezi mingine mingi baada ya kujifungua, nawe ukaendelea na magauni. Mjukuu akatambaa miguuni pako, akala chaki yako. Zilipobaki wiki mbili Bosi arudi kwenye kiti chake, ndipo ukainuka kwenda kunyoosha mgongo.

Sasa hili linalofuata, Mzee, tunakuambia wewe, lakini kuna mtu tunataka alisikie.

Binti yako hajagusa cherehani tangu siku ile. Mwaka mzima. Daktari alishamruhusu zamani. Moyo unafanya kazi, dawa anameza, kazi ya kukaa anaiweza, mradi asizae tena. Lakini chumba cha mbele amekifunga, na anapita na mtoto mlango wa nyuma. Siku moja alimwambia mkeo jikoni, bila kulia, "Baba alikufa kwa ajili yangu. Mzee wa miaka sitini na tisa, nimemwinamisha miezi kumi kwenye magauni yangu." Mkeo akamwambia asiseme hivyo. Hakuamini. Kila tukijaribu kumweleza, anainuka kuosha vyombo visivyo vichafu. Ndiyo maana tunalisema gazetini. Gazeti halikatizwi.

Ukweli ni huu. Miaka mitatu kabla ya magauni hayo, tangu uache mashine, ulikuwa unazimika mbele ya macho yetu. Unakula vijiko vitatu, unasukuma sahani. Unakwenda kulala jua bado liko juu. Uliacha kunyoa. Mkeo alikusemesha, akakutania, akakupikia unavyopenda, asifue dafu. Siku uliyoutia mkanda ule mfukoni, jioni yake uliomba kuongezwa chakula. Kesho yake ulinyoa ndevu ukiimba. Miezi ile kumi ulirudi kuwa yule kijana mwenye chaki aliyempima mkeo bega la koti mara tatu ili tu aendelee kusimama pale. Mchana ule wa mwisho ulikula sahani mbili, ukasema, "Mama, sijawahi kufurahia kazi kama hii." Mkeo alikuwa shahidi peke yake, na ameyaficha haya mwaka mzima kwa wivu, kwa sababu yeye alijaribu miaka mitatu kukurudishia uhai akashindwa, na binti yake akafanya kazi hiyo akiwa amelala. Huo ndio ukweli, na aibu yake ni ya mkeo.

Hakukuchosha, Mzee. Alikuongezea miezi kumi.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado anatenga sahani yako kwa kusahau. Na mkwe wako fundi umeme, aliyeweka taa mpya chumba cha mbele wiki hii bila kuuliza sababu. Na mjukuu wako, ambaye sasa anakimbia, na hakuna anayemwambia kaa. Unakumbukwa na mwalimu na wateja wako wote, wa suti na wa magauni.

Na unakumbukwa na binti yako, fundi wa magauni, ambaye anafungua tena chumba cha mbele Jumatatu hii, saa mbili asubuhi. Wateja karibuni. Yeye mwenyewe hana habari; ndiyo kwanza anasoma hapa.

Maadamu tunapumua, Mzee, hatutakusahau.

Na wewe, mwanangu, vyombo ni safi. Viache.