Nakanyaga Cherehani Tupu, Mke Wangu Anatembea na Jirani

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kama msaada umekwisha huko basi nicheke kwa siri, maana hadharani nimeshachekwa vya kutosha. Mimi ni fundi cherehani, umri wangu ni miaka sabini na moja kwa hesabu ya mke wangu na sitini na nane kwa hesabu yangu, shule niliiacha darasa la nne, au yenyewe ndiyo iliniacha, kwa hiyo ukiona pamekosekana nukta weka mwenyewe.

Habari ni hii. Mwaka jana daktari wa presha aliniambia mzee tembea kila siku, la sivyo moyo utakufungia duka, na mke wangu akalibeba neno hilo kama amri ya serikali, kila kukicha ananigonga ubavuni, fundi amka, tunatoka, tunafika kona ya ghala la mbao, pale kwenye benchi la saruji anapumzisha goti lake, tunazunguka uwanja wa shule, tunarudi, saa nzima. Na ukweli nikwambie mshauri, miaka arobaini na mitano ya ndoa hatukuwahi kuongea kama tulivyoongea kwenye njia ile, maana nyumbani mimi nina mashine inayopiga kelele na yeye ana redio, lakini barabarani ni sisi wawili na midomo yetu, siku moja akanieleza alivyomwogopa baba yake akiwa mtoto, na mimi nilimjua yule mzee miaka ishirini nikimsifu kwa upole.

Sasa miezi mitatu iliyopita kisigino cha kulia kikaanza vituko. Nikishuka kitandani, hatua ya kwanza ni kama nimekanyaga sindano ya kushonea jinzi, nikisogea kidogo inapoa, nikikaa nikiinuka imerudi. Nikaenda kwa daktari wa miguu, akaniminya kisigino nikamwita jina ambalo gazeti lako haliwezi kuliandika, akasema utando wa chini ya unyayo umeumia, mzee, acha matembezi marefu kwanza, lakini usiache mazoezi. Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuzunguka kama bobini. Nikamuuliza, dokta, mazoezi bila miguu yanafanywa na nini, masikio? Akasema ogelea, au endesha ile baiskeli isiyokwenda popote.

Nikacheka moyoni, baiskeli isiyokwenda popote ninayo, nimeikalia miaka hamsini na haijanifikisha hata mlangoni. Nikatoa uzi, nikatoa kitambaa, kila asubuhi nusu saa nakanyaga cherehani tupu mpaka shati linalowa, na kisigino badala ya kupoa kikazidi, sasa nachechemea hata ndotoni.

Kuogelea nako nilijaribu. Nilimwambia mke wangu naenda kununua vifungo. Kaptura niliishona mwenyewe kwa bitana ya pazia kwa kuwa ilikuwa nyepesi, kumbe kuingia tu majini ikajaa hewa mbele na nyuma, mpira wa kiunoni ukakatika, na mwalimu, binti wa rika la mjukuu wangu, akasema babu shika ukuta, nikamwambia mjukuu wangu, nikishika ukuta nani atashika kaptura? Watoto wenye maboya walicheka mpaka wakatolewa majini. Nikairudisha kaptura kwa siri kwenye boksi la vipande chini ya meza. Juzi nimeitoa nikakuta mpira mpya umeshatiwa, kwa mishono ya mkono mibaya mno, kama ya mtu asiye fundi, labda nilitia mwenyewe nikiwa nasinzia, uzee huu.

Utaniuliza kwa nini nafanya siri. Miaka mitatu iliyopita goti la mke wangu lilivimba, likawa linalia kila akiinuka, nami nikambandika jina la Bawaba, mbele ya wageni nasema jamani, Bawaba inataka mafuta, wageni wanacheka, yeye hacheki. Siku moja akaniambia, "Iko siku nawe utachechemea, fundi, na mimi nitakuwa nimekaa kitini nakutazama." Sasa ningemwambiaje? Nikamwambia matembezi yamenichosha, njia ni ile ile, miti ni ile ile, na sikujua kama yeye anasikia kuwa na yeye pia nimemchoka. Akasema, "Sawa." Hilo sawa, mshauri, mpaka leo sijalijua maana yake.

Sasa anatoka na jirani yetu, mwalimu mstaafu wa hesabu, mwanamume aliyefiwa na mkewe, ana viatu vyeupe na anahesabu hatua kwa sauti. Mimi nikiwa juu ya cherehani nawaona dirishani wakitoka, mia moja na mbili, mia moja na tatu. Robo saa baadaye mke wangu karudi, hata jasho hana, anateleka chai, ananiuliza, "Umemaliza kushona hewa?"

Sielewi chochote. Daktari mmoja anasema tembea, mwingine anasema usitembee, fundi viatu kaniambia toboa soli kisigino kipumue, nimetoboa, sasa kinapumua na kinauma. Nimfuate nani? Na yule mwalimu nimfanye nini? Naogopa nitapona mguu nikute njia yangu ina mwenyewe.

Ni mimi, Kisigino Kimoja.

*

Mzee Kisigino Kimoja, shikamoo.

Nimekucheka, na si kwa siri, ofisi nzima imesikia. Pole lakini. Sasa kaa, mguu weka juu ya stuli, unisikilize.

Madaktari wako hawagombani. Wa presha anautaka moyo ufanye kazi, wa miguu anataka kisigino kipumzike. Moyo hauulizi jasho limetoka mguuni au mkononi. Wewe ndiye uliyewagombanisha, kwa sababu ulimficha huyu maneno ya yule. Wiki hii chukua vyeti vyote viwili umpelekee mmoja wao, avisome pamoja. Mimi si daktari, mimi nina macho na kalamu tu.

Cherehani si baiskeli, na ninashangaa fundi wa miaka hamsini anafundishwa hilo na mimi. Kwenye baiskeli unasukuma kwa paja na unyayo umetulia. Kwenye cherehani unyayo wenyewe ndio unaopiga kazi, kisigino, vidole, kisigino, vidole, maelfu ya mara, na ndipo unapouma. Acha mara moja. Hata kazi ya kweli, tia mashine mpini wa mkono mpaka mguu upoe. Na tupa hicho kiatu ulichotoboa, ununue chenye soli nene na kisigino kilichoinuka kidogo. Peku kwenye sakafu ya saruji ni marufuku, hata kwenda chooni.

Kabla hujashuka kitandani, pitisha taulo chini ya vidole, vuta pole pole kuja kwako, hesabu mpaka thelathini, rudia mara tatu. Mchana simama ukisukuma ukuta, mguu mbovu nyuma, kisigino chini, mpaka uusikie msuli wa nyuma unavutika. Ukikaa, viringisha chupa ya maji baridi chini ya unyayo. Kwa ajili ya moyo, keti kitini, shika chupa mbili zilizojaa maji, inua na shusha mikono mpaka shati lilowe. Lala chali, kanyaga baiskeli ya hewani, hiyo ndiyo haina pedali. Na bwawani urudi. Hulazimiki kuogelea, tembea tu maji yakikufika kifuani, maji yatakubeba. Safari hii kaptura ishone kwa kitambaa kinachopitisha maji, fundi mzima wewe.

Ingawa kaptura imeshatengenezwa, sivyo?

Mzee wangu, umeandika yote mwenyewe na hukuona hata moja. Mishono mibaya ya mkono, kama ya mtu asiye fundi. Nyumbani kwako kuna mafundi wangapi, na asiye fundi ni nani? Anajua kaptura ilipofichwa, anajua ilikatika, maana yake anajua ulikokwenda kununua hivyo vifungo. Anajua na kisigino. Mwanamke aliyelala na wewe miaka arobaini na mitano hajui unavyoshuka kitandani?

Na hesabu nyingine, tumwachie yule mwalimu. Njia ya saa nzima, mtu mwenye goti baya, anaimaliza kwa robo saa bila jasho. Anaimalizaje? Haimalizi. Mwalimu anaendelea na namba zake. Mke wako anafika kona ya ghala la mbao, anakaa kwenye benchi la saruji peke yake, anarudi. Alikuahidi kukaa kitini akutazame, nawe hata hujampa cha kutazama. Ulimwambia umechoka na njia. Ni kweli alikusikia vingine, na hata hivyo akakutilia mpira.

Kesho asubuhi usiikaribie mashine. Vuta taulo lako, vaa viatu vipya, akitoka toka naye, chechemea waziwazi mpaka kwenye benchi na usilipite hata kwa hatua moja. Kaeni. Mwambie kisigino kinauma na kwamba uliona aibu. Halafu omba radhi kwa lile goti. Atacheka, tena sana, mwache amalize, miaka mitatu amekizuia kicheko hicho mbele ya wageni wako.

Na usimwite Bawaba tena. Yeye ndiye atakayekupa jina sasa, na lolote atakalokupa, utaitika.