Dungu la Mama Limebaki Peke Yake

Jumanne, Kibiti. Mvua imekatika asubuhi, jua limetoka kali, na mimi nina woga tangu mjomba alipoondoka hapa dukani ninapofanya kazi.

Mjomba, kaka yake mama, amekuja kutoka kijijini kwetu Mbwera, kwa boti kisha kwa gari. Nilimuuliza hali ya mama. Akasema mzima, yuko shamba, analinda mpunga. Kisha akaongeza, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba majirani wote wawili hawakulima msimu huu.

Nikakaa chini.

Asiyewahi kulinda mpunga hatanielewa upesi. Kule unalala juu ya dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa katikati ya shamba. Usiku viboko wanapanda kutoka mtoni, na nguruwe wanatoka porini. Anayewasikia anapiga debe na kuita, wa dungu la pili anaitika, na wa tatu naye. Ndivyo wanyama wanavyofukuzwa, na ndivyo mnavyojulishana kwamba mko hai. Mama sasa anaita peke yake. Wanyama waliokuwa wakigawana mashamba matatu, wote wanakuja kwake.

Majirani siwalaumu. Chama cha ushirika kilichokuwa kinanunua mpunga kilikufa, ruzuku ya mbolea ikaondolewa. Redioni wanasema nchi imekubali masharti ya biashara ya dunia, ushuru wa forodha umeshushwa, milango iko wazi. Mchele wa nje, ambao wakulima wake wanabebwa na serikali zao, unauzwa hapa Kibiti rahisi kuliko wa Mbwera. Nani atakesha na viboko ili apate hasara?

Nayajua hayo kwa sababu mchele huo ndio ninaouza. Ndio unaonilipa mshahara.

Mjomba anasema alimsihi mama ashuke. Mama akamjibu, "Nikishuka nitakula nini? Mchele wa dukani kwa mwanangu? Hela ya kuununua nitaitoa wapi?"

Naogopa habari zitakazokuja na boti ijayo. Naogopa na kwenda pia. Woga huu huu ndio ulionitoa shamba nikaja mjini.

Kesho asubuhi naomba ruhusa. Tajiri mwenye duka akikataa, naondoka hivyo hivyo. Bei ya mchele wa watu siwezi kuipandisha, wala kiboko simwezi. Lakini mama akiita, mtu ataitika.