Mama Maria Amekawia Kwangu

Siku ya Mungu, 5 octobre
Sanamu ya Mama Maria imefika kwangu! Mwezi wa rozari, analala kila nyumba siku mbili. Kisha mwenye nyumba anamupeleka na mikono yake kwa nyumba ya kufuata. Aksanti Mungu. Nimefua kitambaa ya meza, batoto banaimba. Kisha nikaangalia liste ya shirika yetu ya sala. Nyuma ya jina yangu, Constance — Lydie. Mudogo wangu wa tumbo moja. Miaka tatu sijakanyaga kwake.

Siku ya tatu, 8 octobre
Sikumupeleka. Nilisema mvua. Mvua gani? Jua inachoma tangu asubui.
Mangaribi, mu shirika, papa Léonard, mukubwa wetu, alisoma pa Farao. Mungu anamugonga mara na mara, yeye roho nguvu tu. Nikawaza: kuko bantu bagumu, kweli! Papo hapo papa Léonard akauliza, Mama Maria iko kwa nani? Bote bakaniangalia.

Siku ya tano, 10 octobre
Niseme ukweli. Lydie alizika mama kule Pweto bila kuningoya. Barabara ilikatika, nikafika kesho yake. Sikuona uso ya mama. Ninayua: joto ile, maiti haingoye muntu. Ninayua tangu miaka tatu! Kuyua haikulainisha kitu.
Leo nilipiga magoti, nikalomba: Bwana, miye nimeshindwa, wewe vunja roho yangu hii nguvu. Nikalia sana. Kisha njaa ikanishika, nikakula bukari mingi.

Siku ya posho, 11 octobre
Nimemupeleka. Nusura nimuangushe mbele ya salon ya nywele ya mama Mimi. Lydie akafungula. Akamuweka Maria pa meza, akanirudilia, miye mukubwa wake: yaya, ingia. Nikamwambia unisamehe. Akasema kaa kwanza.
Ninaandika hapa kwake, pa kiti. Ametoa valizi ya mama, sanduku yake ya nguo, chini ya kitanda. Kamba balifunga kule Pweto ingali juu yake. Kwetu, mutoto wa kwanza ndiye anafungula bintu bya marehemu. Niliwaza alishagabulia bandugu byote! Anasema, ningefungula namna gani, yaya, na wewe haukukuya?
Miaka tatu. Na miye ninaikala avenue mbili tu kutoka hapa. Nina haya, Bwana. Aksanti, aksanti.
Fundo imekazana. Lydie ameenda jikoni kutafuta kisu. Sijue kama nitaweza kuona bikwembe bya mama, bitenge byake.
Amerudi. Kisu ananipa miye —