Mlio Uliogoma Kuzima

Badru, nimeaibika ukweni!

Ile programu yangu inayoiga mashine za gemu alizouza baba yake Rehana, mchumba wangu, hapa Makambako enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, si nikampa mzee acheze leo kwenye posa? Ikalia piiiii. Haizimi!

Nilisahau mstari wa msimbo wa kupunguza kihesabu cha mlio, kwa hiyo hakifiki sifuri mlio ukome. Mshenga anaomba dua, laptopu piiiii. Nikaikalia. NIKAIKALIA, Badru! Bado piiiii.

Mzee akaja juu: "Simama!" Nikajua posa imeota mbawa.

Akaichukua, mara anacheka mpaka machozi. "Zangu zote wateja walizirudisha kwa kosa hilihili!"

Posa kaipokea kwa sharti moja: ule mlio nisiuguse. Hapa naandika, bado unalia.